Rovu Linatoka Wapi? Tujifunze Maana ya Nadharia Tete



Katika nyanda zetu za juu, kuanzia Mbeya na Uyole hadi Njombe na Iringa, wazee wanaukumbuka vizuri ugonjwa mmoja. Mtu anaota uvimbe mbele ya shingo. Mwanzoni uvimbe huo ni mdogo na hauumi. Miaka inapita, unakua. Kwa wengine unafika ukubwa wa yai, kwa wengine unafika ukubwa wa ngumi. Kumeza chakula kunakuwa kazi. Kupumua kunakuwa kazi. Wako wanaouita ugonjwa huu goita, na wako wanaouita tezi la shingo. Katika ukurasa huu tutauita rovu.

Ukiuliza watu rovu linatoka wapi, utapata majibu mengi. Wa kwanza atasema: "Ni la ukoo. Bibi yake alikuwa nalo, mama yake alikuwa nalo." Wa pili atasema: "Ni mizigo. Anayebeba mizigo mizito kichwani shingo yake huvimba." Wa tatu atasema: "Ni maji ya mto huu." Wa nne atasema: "Amelogwa." Wa tano atasema: "Chakula chetu kimepungukiwa kitu fulani."

Sasa, tumwamini nani? Tumfuate mwenye umri mkubwa? Tumfuate mwenye sauti kubwa? Tupige kura? Kura ni nzuri kwa kumchagua mwenyekiti wa kijiji. Lakini ugonjwa hausikilizi kura. Hata kijiji kizima kikikubaliana kwamba rovu linaletwa na mizigo, kama sababu ni nyingine, rovu litaendelea kuota.

Iko njia ya kuchagua kati ya majibu hayo. Njia hiyo huanza na kitu kinachoitwa nadharia tete. Usitishwe na jina hilo. Ukimaliza kusoma ukurasa huu utaona kwamba ni kitu unachoweza kukitumia.

NENO LENYEWE LINA MAANA GANI?

Nadharia ni maelezo ya jambo: kwa nini liko hivyo, na linakwendaje. Tete ni kitu ambacho bado hakijawa imara. Tunasema hali ya mgonjwa ni tete, maana yake hatujui kama atapona au la. Kwa hiyo nadharia tete ni maelezo ambayo bado hayajawa imara. Ni jibu la muda. Mtu ametazama jambo, amefikiri, kisha anasema: "Nadhani sababu ni hii. Haya, tupime."

Neno hilo la mwisho ndilo lenye uzito: tupime. Mtu anayesema "nadhani" tu, kisha akaenda zake, hajatoa nadharia tete. Anayesema "ni hivi, na msinibishie" hajatoa nadharia tete pia. Nadharia tete hutolewa ili ipimwe.

Tuangalie alama zake tatu.

Alama ya kwanza: inatokana na jambo lililoonekana. Haitoki hewani. Mtu ameona rovu ni jingi milimani na ni dogo pwani. Hapo ana mahali pa kuanzia.

Alama ya pili: inataja sababu waziwazi. Haisemi tu kwamba "kuna kitu hapa." Inasema ni kitu gani.

Alama ya tatu: inaweza kushindwa. Hii ndiyo alama kubwa. Mwenye nadharia tete lazima aweze kusema: "Kama nimekosea, mtaona jambo hili. Kama niko sawa, mtaona jambo lile."

TUYAPIME MAJIBU YA KIJIJI

Sasa turudi kwenye yale majibu matano. Tuyapitie moja moja, bila kumcheka mtu.

Tuanze na jibu la mizigo. Jibu hili si la kipumbavu. Wanawake hupata rovu kuliko wanaume, na wanawake ndio wanaobeba kuni na maji kichwani. Kwa hiyo mtu ameona jambo la kweli. Lakini tupime. Kama mizigo ndiyo sababu, basi kila mahali penye wabeba mizigo patakuwa na rovu. Tazama pwani. Kwa miaka mingi wachukuzi wa bandarini Dar es Salaam na Tanga walibeba magunia tangu asubuhi hadi jioni, na rovu halikuwa ugonjwa wa bandarini. Kisha tazama milimani. Huku rovu liliota hata kwa watoto wa shule, ambao hawajabeba mizigo ya miaka mingi. Jibu la mizigo limeshindwa mara mbili. Lakini kwa nini basi wanawake ni wengi? Swali hilo bado liko. Tuliweke akiba, tutalirudia.

Jibu la pili ni la ukoo. Nalo lina msingi. Ni kweli kwamba mara nyingi rovu linaonekana kwa mama na kwa binti yake. Lakini hebu fikiri. Watu wa ukoo mmoja hawagawani damu tu. Wanakula chungu kimoja. Wanatia chumvi ya pakiti moja. Wanalima udongo mmoja na kunywa maji ya kisima kimoja. Tutajuaje kama sababu ni damu au ni chungu? Lazima tuvitenganishe. Tumtafute ndugu wa ukoo huo aliyehamia pwani tangu utoto. Tumtafute pia mgeni wa ukoo mwingine aliyekuja kukaa milimani. Kama sababu kubwa ni damu, ndugu wa pwani atapata rovu na mgeni hatapata. Kama sababu kubwa ni chakula, itakuwa kinyume. Umeona? Swali zuri linatuonyesha mahali pa kutazama.

Jibu la tatu ni la maji. Jibu hili liliwahi kutolewa na daktari hasa. Mwanzoni mwa karne ya 20, daktari mmoja wa jeshi la Waingereza, Robert McCarrison, alifanya kazi Gilgit, katika milima ambayo leo iko upande wa Pakistani. Aliona rovu jingi huko. Akadhani linaletwa na uchafu na vijidudu vilivyomo katika maji. Alikuwa msomi, naye alifanya majaribio. Lakini elimu iliyokuja baadaye ilionyesha kwamba sababu kubwa ya rovu si vijidudu vya maji. Kwa hiyo hata jibu la msomi hupimwa, na hata jibu la msomi huweza kushindwa.

Jibu la nne ni la uchawi. Hapa tuwe waangalifu. Mgonjwa akipona, tutaambiwa uchawi umeondolewa. Asipopona, tutaambiwa uchawi una nguvu. Uvimbe ukipungua kidogo kisha ukakua tena, tutaambiwa mchawi amerudi. Jibu hili haliwezi kushindwa hata siku moja. Labda utafikiri hiyo ndiyo nguvu yake. La, hiyo ndiyo kasoro yake. Jibu linalokubali kila litakalotokea halitufundishi tufanye nini. Tena linaweza kumponza mzee wa watu asiye na hatia.

Limebaki jibu la tano: chakula kimepungukiwa kitu. Ni kitu gani? Na tunakipimaje?

DAWA YA MAGUGU YA BAHARINI

Tangu zamani sana, katika nchi mbalimbali, watu waliwatibu wagonjwa wa rovu kwa majivu ya sponji na ya magugu ya baharini. Wengine walipata nafuu. Hakuna aliyejua kwa nini.

Mwaka 1811 Mfaransa mmoja, Bernard Courtois, alikuwa akishughulika na majivu ya magugu ya baharini. Akaona mvuke wa zambarau. Hicho kilikuwa kitu kipya, nacho kikapewa jina la iodini. Hapa Tanzania tunakiita madini joto.

Mwaka 1820 daktari Jean-François Coindet wa mji wa Geneva, Uswisi, aliunganisha mambo mawili. Majivu ya baharini yanapunguza rovu. Majivu ya baharini yana madini joto. Akasema: huenda kinachopunguza rovu ni haya madini joto. Hiyo ni nadharia tete safi. Inatokana na jambo lililoonekana. Inataja sababu. Na inaweza kupimwa: wape wagonjwa madini joto peke yake, uone.

Coindet alijaribu, na wagonjwa wengi walipungua uvimbe. Lakini dawa ilitolewa kwa vipimo vikubwa mno, na wengine walidhurika. Watu wakaogopa. Miaka ikapita. Mwaka 1895 Mjerumani Eugen Baumann aligundua kwamba ndani ya tezi la shingo, lile linalovimba, yamo madini joto. Sasa nadharia tete ikapata mguu wa pili wa kusimamia. Lakini bado ilihitaji kupimwa vizuri zaidi.

KULINGANISHA KAMA SHAMBANI

Mkulima wa Uyole anaweza kuelewa kipimo hicho upesi kuliko watu wengi. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole kimetoa mbegu kama mahindi ya UH615 na UH6303, na maharage ya Uyole 94. Mbegu haitolewi kwa mkulima kwa sababu mtaalamu anaipenda. Hupandwa kwanza kando ya mbegu nyingine, katika udongo ule ule, kwa mvua ile ile. Kisha mavuno hupimwa.

Kwa nini zipandwe kando kando? Tuseme umetia mbolea shamba lako lote mwaka huu, ukavuna magunia mengi kuliko mwaka jana. Je, ni mbolea au ni mvua? Huwezi kujua. Lakini ukitia mbolea nusu ya shamba, na nusu nyingine ukaiacha, mvua imenyesha kote. Tofauti utakayoiona inatokana na mbolea.

Basi ndivyo ilivyofanyika kwa rovu. Katika mji wa Akron, Marekani, kuanzia mwaka 1917, madaktari David Marine na O. P. Kimball waliwapima wasichana wa shule. Eneo hilo liko mbali na bahari, na rovu lilikuwa jingi. Wasichana wengine walipewa madini joto. Wengine hawakupewa. Wote waliishi mji mmoja, walisoma shule za mji mmoja.

Soma hesabu hii taratibu. Kati ya wasichana 2,190 waliopewa madini joto, waliovimba tezi walikuwa 5 tu. Kati ya wasichana 2,305 ambao hawakupewa, waliovimba walikuwa 495.

Watano kwa upande mmoja, karibu mia tano kwa upande mwingine. Nadharia tete ilisema: wakipewa, hawatavimba. Ingeweza kushindwa, lakini haikushindwa. Katika miaka ya 1920 Uswisi na Marekani zikaanza kutia madini joto katika chumvi ya kula.

KWA NINI MILIMANI?

Madini joto yako kwa wingi baharini. Yako pia katika udongo, lakini mvua nyingi za miaka mingi huyaosha na kuyapeleka mitoni, na mito huyapeleka baharini. Udongo wa miteremko huoshwa zaidi. Mmea ukiota katika udongo usio na madini joto, nao hauna. Ng'ombe akila majani hayo, maziwa yake yana upungufu. Mtu anayekula mazao ya shamba hilo peke yake, naye anapungukiwa. Chakula kinaweza kuwa kingi, watu wakashiba, na bado kitu hicho kidogo kikakosekana.

Kiasi kinachotakiwa ni kidogo sana. Madini joto ya kumtosha mtu maisha yake yote hayazidi kijiko kimoja cha chai. Lakini lazima yapatikane kidogo kidogo kila siku, kwa sababu mwili hauwezi kuweka akiba ya miaka mingi.

Tezi la shingo hutumia madini joto kutengeneza kichocheo kinachoendesha kazi za mwili. Madini joto yakipungua, tezi hujitahidi. Hujitanua ili likamate hata kile kidogo kilichopo. Kule kujitanua ndiko rovu.

Sasa turudi kwenye swali tuliloliweka akiba: kwa nini wanawake ni wengi? Mwanamke mwenye mimba na mwanamke anayenyonyesha huhitaji madini joto zaidi, kwa sababu anamgawia mtoto. Upungufu ukiwepo, yeye ndiye wa kwanza kuumia. Jibu la mizigo liliona jambo la kweli, lakini lilitaja sababu isiyo yenyewe. Nadharia tete nzuri inaeleza hata yale yaliyoonekana na majibu mengine.

NCHINI KWETU

Mwaka 1965 daktari Michael Latham, aliyefanya kazi ya lishe nchini kwetu, alitoa taarifa ya uchunguzi wa rovu katika Ukinga, milima ambayo leo ni wilaya ya Makete. Wengi wa watu waliopimwa huko walikuwa na rovu. Uchunguzi mwingine ulifanyika baadaye katika mikoa mingi, na katika miaka ya 1980 ilikadiriwa kwamba karibu watoto 25 katika kila watoto 100 wa shule nchini walikuwa na rovu. Nyanda za juu za kusini zilikuwa kati ya sehemu zilizoathirika sana.

Kuanzia mwaka 1986, Taasisi ya Chakula na Lishe pamoja na wizara ya afya ziligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zenye upungufu mkubwa. Wazee wengi wa Mbeya na Iringa wanavikumbuka vidonge hivyo. Kisha katika miaka ya 1990 serikali iliweka kanuni kwamba chumvi ya kula itiwe madini joto. Kwa nini chumvi? Kwa sababu tajiri na maskini wote hutumia chumvi, na kila mtu huila kidogo kidogo kila siku.

Mwaka 2004 watoto wa shule walipimwa tena nchini kote. Wenye rovu walikuwa wamepungua kutoka karibu 25 katika kila 100 hadi 7 katika kila 100.

Msomaji makini atauliza: "Je, hatujui kama kuna jambo jingine lililobadilika? Barabara zimejengwa, chakula kinatoka mbali." Ni swali zuri. Ndiyo maana wapimaji hawakutazama shingo tu. Walipima pia chumvi za nyumbani na mkojo wa watoto, kwa sababu madini joto ya ziada hutoka kwa njia ya mkojo. Waliona kwamba kaya nyingi zilikuwa zikitumia chumvi yenye madini joto, na kwamba miilini yalikuwemo. Shingo, chumvi na mkojo, vyote vitatu vilitoa ushahidi wa namna moja.

KISIWA CHA IDJWI

Usidhani kwamba nadharia tete ikishinda mara moja, kazi imekwisha. Katika ziwa Kivu, mashariki ya Kongo, kuna kisiwa kiitwacho Idjwi. Katika miaka ya 1960 watafiti waliona jambo la kushangaza huko. Upande wa kaskazini wa kisiwa, rovu lilikuwa kwa watu wengi. Upande wa kusini magharibi, waliokuwa nalo walikuwa wachache. Lakini walipopima madini joto, upungufu ulikuwa sawa pande zote mbili.

Ikiwa upungufu peke yake ndiyo sababu, pande zote zingelingana. Hazikulingana. Watafiti hawakuificha habari hiyo. Waliitangaza, kisha wakatafuta tofauti nyingine. Wakaona kwamba watu wa kaskazini walikula mihogo zaidi. Baadhi ya mihogo ina sumu. Isipotayarishwa vizuri, sumu hiyo hugeuka ndani ya mwili kuwa kitu kinacholizuia tezi kukamata madini joto.

Kwa hiyo nadharia tete ya kwanza haikutupwa. Ilirekebishwa. Sasa inasema: upungufu wa madini joto ndio sababu kubwa, na mihogo isiyotayarishwa vizuri huongeza ubaya. Maarifa hukua namna hiyo. Hukua kama nyumba inayoongezwa chumba, na pengine ukuta mbovu hubomolewa ukajengwa upya.

NANI ANAWEZA KUTOA NADHARIA TETE?

Labda unafikiri kazi hii ni ya madaktari tu. Sivyo. Mwaka 1963 kijana Mtanzania, Erasto Mpemba, alikuwa akisoma shule ya sekondari Magamba, Tanga. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Mpemba aliona kwamba maziwa yake, aliyoyatia katika jokofu yakiwa ya moto, yaliganda kabla ya yale yaliyopoa kwanza. Aliuliza, hakuaminiwa. Baadaye alipokuwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Dk. Denis Osborne. Wenzake walicheka. Osborne hakucheka. Alirudi chuoni, jambo likajaribiwa. Mwaka 1969 wawili hao waliandika makala pamoja, na jina la Mpemba likajulikana dunia nzima.

Hadi leo wataalamu wanabishana kuhusu jambo hilo. Wametoa nadharia tete kadhaa, na wanaendelea kuzipima. Lakini sisi tushike somo moja: hoja haipimwi kwa cheo cha msemaji. Hupimwa kwa ushahidi. Mtoto wa shule anaweza kuona jambo ambalo mkubwa amelipita.

HATARI IKO WAPI LEO?

Mtu atasema: "Rovu limepungua. Kwa nini mnatusumbua?" Tunasema kwa sababu udongo haujabadilika. Mvua bado inaosha miteremko yetu. Kilichobadilika ni chumvi. Tukiacha chumvi yenye madini joto, upungufu utarudi.

Na rovu si ubaya mkubwa kuliko wote. Ubaya mkubwa uko tumboni mwa mama. Mama mwenye upungufu anaweza kuharibikiwa na mimba au kuzaa mtoto mfu. Mtoto akizaliwa hai, upungufu mkubwa unaweza kumfanya kiziwi, bubu au mdumavu, na akili yake isikue. Ubongo ulioharibika tumboni hauponyeki baadaye kwa kidonge wala kwa chumvi. Hata upungufu mdogo unaweza kupunguza uwezo wa mtoto kujifunza, wala shingoni usione kitu.

Basi fanya haya nyumbani:

1. Nunua chumvi iliyofungwa katika pakiti na iliyoandikwa kwamba ina madini joto. Wewe sasa unajua kusoma. Soma pakiti kabla ya kulipa.

2. Usidhani kwamba chumvi ya bahari ina madini joto ya kutosha kwa kuwa imetoka baharini. Chumvi iliyokaushwa juani hubaki na kidogo sana, mpaka itiwe kiwandani. Chumvi ya kuchemsha ya bara nayo isipotiwa haitoshi.

3. Weka chumvi katika chombo kikavu chenye kifuniko, mbali na jua, moto na unyevu. Usiioshe. Itie chakula kikikaribia kuiva.

4. Usiongeze chumvi kuliko kawaida yako. Chumvi nyingi huleta shinikizo la damu. Kinachotakiwa ni chumvi iliyo sahihi, kwa kiasi kidogo.

5. Mihogo michungu iloweke, ikaushe na uipike vizuri kama ulivyofundishwa na wazee.

6. Ukiwa na uvimbe shingoni, nenda zahanati au hospitali. Usijitibu kwa madini joto ya dukani. Kipimo kikubwa hudhuru, kama walivyodhurika baadhi ya wagonjwa wa Coindet. Tena uvimbe wa shingo una sababu nyingine pia, na mganga lazima aupime.

Kuna kipimo rahisi cha chumvi. Mtaalamu wa afya hudondosha tone la maji maalumu juu ya chumvi. Chumvi yenye madini joto hugeuka rangi, ikawa ya buluu au zambarau. Isiyo nayo hubaki nyeupe. Kijiji kinaweza kumwomba afisa afya aje kupima chumvi ya madukani.

Neno moja la tahadhari. Kupima nadharia tete hakumaanishi kumjaribia mtoto mgonjwa majani usiyoyajua. Majaribio ya dawa juu ya watu hufanywa na wataalamu, kwa kibali na kwa ridhaa ya mwenyewe. Kazi yetu sisi ni kutazama vizuri, kuuliza swali linaloweza kupimwa, na kukubali ushahidi hata ukitupinga.

Siku nyingine ugonjwa ukiingia kijijini, na watu wakaanza kutoa sababu, mwulize kila mmoja kwa heshima: "Ndugu, kama umekosea, tutajuaje?" Mwenye jibu la swali hilo, msikilizeni, kisha mkapime.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Nadharia tete ni nini? Taja alama zake tatu.

2. Kwa nini jibu la uchawi haliwezi kupimwa?

3. Katika Akron, kwa nini ilikuwa lazima kuwatazama pia wasichana ambao hawakupewa madini joto?

4. Habari ya kisiwa cha Idjwi inatufundisha nini?

5. Kila mwanafunzi alete pakiti ya chumvi ya nyumbani kwake. Someni maandishi yake pamoja. Ngapi zimeandikwa kwamba zina madini joto? Ngapi hazikuandikwa? Andikeni hesabu hiyo ubaoni, kisha mpelekeeni afisa afya.